Mwaka wa Kinyaa

Esperansi alivuka ziwa mwezi uliopita kuja kumzika dada yake aliyekuwa ameolewa hapa Ujiji, na msiba ulipoanuliwa akaja kwangu. Sikuwa nimemwona tangu tukiwa wasichana. Sasa ni mama mnene, anatembea ameegemea upande mmoja, na sauti imezidi uzito. Lakini alipovua viatu mlangoni na kusema, "Yaya Mwamvita," yaani dada kwa Kiswahili cha kwao, nilimjua kabla sijamtazama usoni. Nilimpikia samaki wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Tukala, tukaulizana waliokufa na waliobaki, na nikaona kwamba kuna mtu mmoja ambaye yeye hakumtaja na mimi sikuthubutu kumuulizia. Alipokwisha kunawa, akiwa anakausha vidole kimoja kimoja kwa ncha ya kitenge, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Yaya, ule mwaka, uliniona muchafu?" Jibu la swali lile ni mwaka mzima, na ni mwaka ambao nimejizoesha kutoukumbuka wakati wa kula.

Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, naishi kwa Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu. Watu walimwita Fundi Sudi, kwa kuwa hapakuwa na injini ya boti iliyogoma kuanzia Kibirizi hadi Ujiji ambayo hakuifungua. Alikuwa msafi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Jioni alikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba akajisugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka kucha zikawa nyeupe kama za mtu asiyewahi kushika oili, ndipo akaingia ndani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeona damu chooni akainyamazia kwa muda mrefu, kwa sababu hakuona ni nani angemwambia neno kama lile. Alipoanguka karakanani ndipo tukajua. Mama Mkubwa, mkewe, alikuwa na miguu mibovu, hawezi safari ya treni, basi nikaenda naye mimi mpaka Dar es Salaam. Madaktari wakamkuta na saratani ya utumbo mpana. Wakakata kipande, wakamfungulia njia ya choo ubavuni mwa tumbo, wakambandika mfuko. Siku ya kwanza alipouona ukijaa wenyewe, bila yeye kuamua, aligeuza uso ukutani, na nadhani kwa miezi kadhaa hakuugeuza tena, hata alipokuwa anatutazama.

Tuliporudi tulikuja na vidonge. Vilikuwa vya rangi ya waridi iliyopauka, virefu, vizuri kuvitazama kama peremende za sikukuu, na hilo lenyewe lilinichukiza. Muuguzi wa kule, mama mfupi mwenye miwani, alinikalisha kitako kabla hatujaondoka, akanieleza, kisha akanitaka nimweleze yeye, mara mbili, mpaka aliporidhika. Baba Mkubwa atameza asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa maji ya kawaida. Atameza kwa wiki mbili, kisha wiki moja atapumzika, na wiki ile ya kupumzika ni sehemu ya dawa, si likizo. Akisahau, asifidie kwa kumeza mara mbili. Kidonge kisikatwe, kisisagwe, kisiyeyushwe. Kisishikwe kwa mkono mtupu na mtu mwingine, kwa sababu dawa inayoua saratani haiulizi iko mwilini mwa nani. Na mwanamke mwenye mimba asikiguse kabisa, wala asiguse matapishi wala choo cha mgonjwa. Kisichanganywe na miti shamba ya mtu yeyote. Vitakavyobaki virudi hospitali, visitupwe chooni wala ziwani. Na neno la mwisho alilisema akiwa amenishika kifundo cha mkono: choo kikiwa maji na kikazidi, au mdomo ukichubuka hata hawezi kula, asimeze kingine, aletwe hospitali siku hiyohiyo. Akanipa kasha la glavu. Nililipakata kwenye treni usiku na mchana kama mtoto.

Chumba cha Baba Mkubwa kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama ua, na nje ya ua majirani walianika dagaa. Jua likipanda, harufu ya dagaa iliingia ikakutana na harufu ya mfuko, na juu yake harufu ya dawa ya kusafishia choo, na juu ya hiyo tena ubani aliofukiza Mama Mkubwa, na ule ubani ndio uliokuwa mbaya kuliko vyote. Mpaka leo mtu akifukiza ubani karibu yangu natoka nje. Nilijifunza kubadilisha mfuko huku nikipumua kwa mdomo. Nilijifunza kutonyesha usoni, maana macho yake yalikuwa yananisubiri. Kisha ngozi ikaanza kuharibika kwa ile dawa. Viganja na nyayo zikawa nyekundu, zikavimba, zikaanza kubanduka vipande vipande; ikawa hawezi kushika kikombe cha moto wala kufunga kifungo cha shati. Nilimpaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na ngozi ya mikono ile iliyokuwa inasuguliwa kwa mchanga ikabaki kwenye glavu zangu kama maganda ya kitunguu. Sitadanganya kwamba upendo ulinifanya nisione kinyaa. Nilikiona. Nilifanya nikiwa nacho, na nadhani hivyo ndivyo inavyofanyika kazi ile na watu wote wanaoifanya.

Walionitia kinyaa kisichosameheka walikuwa wageni. Walikuja kumjulia hali wakiwa wameziba pua kwa ncha za khanga, wakakaa barazani, wakaletewa chai na maandazi, na pua zikafunguka. Nilikuwa ndani naosha beseni, ukuta ni mwembamba, nikasikia yote. Mmoja alisema ugonjwa ule ni wa watu waliokula haramu. Mwingine akauliza, huku anatafuna, kama mtu anayetoka choo tumboni bado ana udhu. Baba Mkubwa naye alisikia, kwa maana kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa ukuta uleule. Tangu siku hiyo hakutia mguu msikitini kwa muda mrefu. Aliswali chumbani, amekaa, na kabla ya kuswali aliniomba nimbadilishie mfuko hata kama ulikuwa mtupu.

Esperansi alitufikia katikati ya hayo. Miaka ile vita ya ng'ambo, Kongo, ilikuwa inatupa watu pwani kwetu, boti baada ya boti, wamelowa, wana masufuria na magodoro, na wengi walipelekwa makambini. Yeye alitoka kambini kumfuata dada yake, na mume wa dada akamwambia hana nafasi ya tumbo lingine. Alikuwa na mimba iliyokuwa imeanza kuonekana. Aliyempa mimba alibaki upande wa pili wa ziwa, hai au mfu hakujua. Baba Mkubwa, akiwa kitandani, aliposikia habari ile alisema apewe stoo iliyo karibu na jiko. Yakatolewa magunia ya mkaa, akatandikiwa mkeka. Alikuwa mpole na mchapakazi. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mawese na karanga mpaka Baba Mkubwa mwenye vidonda vya mdomo akawa anaramba kijiko. Kwa sababu ya ile mimba nilimkataza chumba cha mgonjwa tangu siku ya kwanza. Nilimkataza kufua shuka zake, kumwaga beseni lake, kutumia choo kabla sijamwaga maji ya kutosha. Nilimweleza sababu. Aliitikia kila kitu, "Njo vile, yaya," na akainamisha kichwa.

Na alikuwapo Baba Mdogo Hemedi, mdogo wa Baba Mkubwa, mwenye duka pale Mwanga. Kila nikimfikiria namuona akila. Alikuja saa ya chakula, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuingia, akamwambia kaka yake maneno ya Mungu kutoka kizingitini, kisha akaketi sebuleni akauliza kuna nini. Kuku aliyechinjiwa mgonjwa, supu ikaenda chumbani na mapaja yakaenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa na desturi ya kuchokonoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo, akautazama ukucha, kisha akaanza kutoa ushauri. Alijua magonjwa yote kwa sababu aliuza panadol. Alisema dawa ya kunywa wiki mbili na kuacha ni dawa ya kizungu ya kupoteza wakati, kwamba adui akikimbia humpi nafasi ya kupumzika. Mama Mkubwa alimsikiliza. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka humwamini anayesema kwa sauti.

Ukatokea msiba Kalinzi, upande wa mama yangu, nikatumwa niende kuiwakilisha nyumba. Ilikuwa wiki ya Baba Mkubwa kupumzika, ndiyo maana nilikubali. Vidonge vya mzunguko uliofuata nilivifungia sandukuni na ufunguo nikampa Mama Mkubwa. Kule milimani mvua ilinizuia siku kadhaa. Niliporudi nilishuka Mwandiga, nikabadilisha gari, nikaingia Ujiji mchana, na nilipofungua mlango wa uani nilisikia mtwango mdogo, ule wa kutwangia vitunguu saumu. Esperansi alikuwa amechuchumaa jikoni, kinu kikiwa katikati ya magoti, chini ya tumbo lake. Alikuwa anasukuma kwa kidole unga uliong'ang'ania kwenye mchi. Unga ulikuwa wa rangi ya waridi iliyopauka.

Nilimpiga mkono. Sikufikiri, niliupiga, kinu kikaviringika, nikamkokota mpaka kwenye pipa, nikamwosha kwa sabuni mpaka viwikoni, nikamwosha tena, nikamvua khanga aliyovaa, nikamwambia asijiguse uso. Nilikuwa napiga kelele. Nilisema, "Hii dawa inamla mtoto aliye tumboni." Akasema Baba Mdogo ndiye aliyemwamuru, kwamba mzee hawezi kumeza kwa vidonda, basi isagwe itiwe kwenye uji. Angekataaje? Alikuwa anakaa stoo ya watu, nje ya kambi, na Baba Mdogo alikuwa amekwisha kumkumbusha zaidi ya mara moja kwamba maofisa wa uhamiaji ni wateja wake. Nikauliza ametwanga tangu lini. Akasema tangu siku ya pili baada ya mimi kuondoka. Nilitazama sufuria ya uji iliyokuwa mekoni. Juu ya ule uji palikuwa na duara la rangi ya waridi, kama mate ya mtu mwenye fizi mbovu. Nilitapika palepale kwenye majivu.

Chumbani, harufu ilikuwa imegeuka. Mfuko ulikuwa umejaa maji ya kijani, ukavuja, shuka ilikuwa imelowa mpaka kwenye godoro, na Baba Mkubwa alikuwa amelala katikati yake midomo imepasuka, ulimi mweupe, macho yameingia ndani. Hakuweza kunywa. Nilipoinua ngozi ya mkono wake kwa vidole, ilibaki imesimama. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti anapepea nzi, akaniambia kwa furaha ambayo ilinitisha kuliko ile hali, kwamba Baba Mdogo alisema ule ni uchafu unatoka, kwamba ugonjwa umeshindwa, na kwamba wanaongeza kidogo ili utoke wote. Naye Baba Mdogo alikuwa sebuleni. Alikuwa anakula. Nilimkuta na mfupa mkononi, nikamwambia Mama Mkubwa mbele yake kwamba muuguzi alisema choo kikiwa maji dawa iachwe na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kwamba ule si uchafu unaotoka, ni utumbo wake.

"Muuguzi yuko Dar es Salaam," Baba Mdogo alisema. "Mgonjwa yuko hapa. Nani anamjua kaka yangu?"

Akaendelea. Akasema mimi ni mtoto niliyesoma nikaharibika, kwamba navaa mipira mikononi kumshika baba yangu kama nashika mzoga, kwamba kinyaa changu kinajulikana mtaa mzima. Akasema kumtoa mgonjwa katika hali ile ni kumwaibisha njiani. Alisema hayo huku mafuta yakimtiririka kidevuni, na Mama Mkubwa akanitazama mimi, si yeye, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Nilihisi hata mate yangu yananichukiza. Ndipo tukasikia sauti ya Baba Mkubwa kutoka chumbani, ndogo, kama inatoka chini ya kitu.

"Hemedi, nenda kwako," alisema. "Mwamvita, niletee suruali."

Gari tulilolipata lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa, sakafu yake ina magamba na maji ya samaki. Dereva alitandika turubai. Nilikaa nyuma nikampakata Baba Mkubwa kichwa, naye kila tulipopita kwenye shimo aliomba radhi. Aliniomba radhi mimi, akamwomba radhi dereva kwa kumchafulia gari, gari lililokuwa linanuka kiasi kwamba mbwa waliliandama mpaka Mwanga. Hospitali kubwa ya mjini walimpokea, wakamtundikia maji mikono yote miwili. Daktari alipotazama kile kikopo cha vidonge nilichomletea na kuhesabu kilichobaki, aliniuliza nani alimpa dawa katika wiki ya kupumzika. Nilimweleza. Akaniambia kwamba dawa ile ikizidi huchubua njia yote ya chakula, kuanzia mdomoni, na kwamba tungechelewa kidogo... hakumalizia. Alikwenda kuongeza chupa nyingine.

Baba Mdogo alikuja siku iliyofuata. Aliketi kwenye benchi la ukumbini na wagonjwa wa watu wengine, akawamenyea machungwa yaliyoletwa kwa kaka yake, naye akala, na nilimsikia akiwasimulia jinsi alivyoona hatari mapema akaagiza mgonjwa aletwe hospitali haraka. Alisimulia vizuri. Mama mmoja akamwombea dua. Nilisimama nyuma ya mlango na beseni mkononi, na ndani ya beseni palikuwa na vitu ambavyo nilikuwa nimevishika mwaka mzima bila kufa, na nikajua kwamba kinyaa cha mwili huisha kwa maji na sabuni. Kile kingine hakina sabuni. Nimekutana na Baba Mdogo mara nyingi tangu wakati huo, arusini na misibani, nikampa shikamoo kama inavyonipasa, na kila mara nilinawa baada ya kumpa mkono.

Baba Mkubwa alikaa wodini mpaka choo kikatulia na ulimi ukarudi kuwa mwekundu. Wakapumzisha dawa, wakawasiliana na Dar es Salaam, wakamrudishia kwa kipimo kidogo zaidi. Safari hii ufunguo ulikaa shingoni mwangu, na Mama Mkubwa, ambaye hakuwahi kusema neno juu ya yale, akaja mwenyewe siku moja kuniomba glavu, akaniambia nimfundishe kubadilisha mfuko. Baba Mkubwa alimaliza mizunguko yake. Vidonge vilivyobaki tulivirudisha hospitali. Akaishi miaka mingi baada ya hapo, akafungua injini akiwa amekaa kwenye kigoda na mfuko wake chini ya shati, na siku alipokufa alikufa kwa presha. Ijumaa moja alirudi hata msikitini. Alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na aliporudi nyumbani hakusema kama kuna mtu aliyesogea.

Lakini Esperansi alikuwa ameondoka. Nilipotoka wodini kwenda nyumbani kuchukua nguo safi, nilikuta stoo imefagiwa na mkeka umeviringishwa. Mama Mkubwa alisema alipanda lori la kurudi kambini, hakuaga. Niliuliza kwa watu waliopita njia ile kama wamesikia habari za msichana wa Kikongo aliyejifungua, na jinsi amejifungua, na amejifungua nini. Dada yake alinikwepa sokoni. Kwa miaka hii yote, kila nilipoona mtoto aliyezaliwa na kasoro, nilikumbuka ule unga kwenye kidole chake.

Basi mwezi uliopita nilimjibu. Nilimwambia kwamba mwaka ule nilikuwa na kinyaa, asidanganywe na mtu. Kilikuwa kinyaa cha ile dawa iliyokuwa mikononi mwake, hakikuwa cha mikono. Nilimwambia kwamba kila nilichomkataza nilimkataza kwa ajili ya tumbo lake. Alisikiliza huku anatazama mlango. Akasema nilimweleza hivyohivyo wakati ule, anakumbuka, ila hakuniamini. Kule kambini, na kabla ya kambini, na kwa shemeji yake, kila mtu aliyemkataza kugusa kitu alimwambia ni kwa ajili ya afya yake. Nami nilikuwa nimempiga mkono, nikamvua nguo, nikamsugua kama sufuria. Aliondoka kwa sababu alidhani nitakaporudi nitamfukuza, akaona afadhali atangulie.

Nikakusanya nguvu nikamuuliza, "Na mtoto?"

"Aliyezaliwa? Furaha?" Alinishangaa, kama niliyemuuliza habari ya kitu kisicho na habari. Akaniambia ni mwanamke mrefu, anauza vitenge Kalemie, ana watoto wake na domo kubwa. Nikafunika uso kwa khanga. Alinisogelea. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba sikuwa nimesema lolote ila ukweli, na kwamba miaka yote niliyokuwa naogopa, yeye alikuwa analea.

"Kumbe ulisema kweli, yaya," alisema, polepole. Kisha akatikisa kichwa. "Ni muzuri sikukuamini. Ningekuamini, ningebeba ile mimba na woga mpaka siku ya kuzaa. Nilibeba hasira tu, na hasira nilikuwa nimeizoea."